Rula Isiyoshikika: Mstari Mnyoofu katika Historia ya Uchoraji wa Kompyuta

Katika uchoraji wa kompyuta mstari mnyoofu ulitangulia, na mkono wa mchoraji ulifuata baadaye sana. Kwenye karatasi mambo huwa kinyume, kwa kuwa mchoraji huanza na mkono unaoyumba, ndipo akatafuta rula ya kuutuliza. Mashine, kwa upande wake, ilijua kunyoosha mstari tangu siku zake za mwanzo, lakini miongo kadhaa ilipita kabla haijaweza kumpa mchoraji ukingo wa kuegemezea kalamu bila kumnyang'anya mwandiko wa mkono wake.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha tasnifu kuhusu Sketchpad, programu iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 katika Maabara ya Lincoln. Mtumiaji alishika kalamu ya nuru, yaani kifaa kinachohisi mwanga wa kioo na kuijulisha mashine mahali kilipoelekezwa, huku mkono wake wa pili ukibonyeza vitufe vya amri. Alipoanza mstari na kuisogeza kalamu, mstari ulinyooka wenyewe kutoka nukta ya kwanza hadi ncha ya kalamu, ukirefuka na kufupika kwa kumfuata, hivi kwamba mkono uliamua mwanzo na mwisho tu. Zaidi ya hapo, aliweza kuchora umbo la pande nne lililopinda ovyo, kisha akaamuru pande fulani ziwe sambamba au zikutane kwa pembe mraba, na mashine ikazisogeza nukta kidogo kidogo hadi masharti yote yakatimia. Rula ya kwanza ya kompyuta, kwa hiyo, ilikuwa amri iliyotolewa baada ya kuchora, na ubora wake ulikuwa wa kihandisi: daraja au bolti ilipata vipimo sahihi, ila hapakuwa na nafasi ya unene wa wino.

Wakati huohuo swali la namna ya kuuonyesha mstari lilipata jibu katika kampuni ya IBM, ambako mwaka 1962 Jack Bresenham alibuni kanuni ya kuamua, hatua kwa hatua, ni nukta ipi iliyo karibu zaidi na mstari unaokusudiwa, kwa kutumia hesabu nyepesi za namba kamili. Kanuni hiyo, iliyochapishwa mwaka 1965, ilitungwa kwa ajili ya mashine iliyochora kwa kalamu juu ya karatasi, lakini iliwafaa vilevile waliochora kwa pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha ya kioo.

Mwaka 1984 programu ya MacPaint, iliyoandikwa na Bill Atkinson wa Apple, iliwafikishia watu wa kawaida rula ya namna nyingine, kwa kuwa aliyebonyeza kitufe cha Shift huku akivuta brashi alibanwa afuate mlalo au wima. Miaka miwili baadaye Eric Bier na Maureen Stone, watafiti wa kituo cha Xerox PARC, walirejea kwa makusudi kwenye rula na bikari: programu yao ilitandaza mistari na duara za mwongozo, ambazo si sehemu ya mchoro, na kielekezi kilipozikaribia kilivutwa na kunata juu yake. Hatua hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwani ndiyo iliyoutenganisha mwongozo na mchoro wenyewe.

Walioukamilisha utengano huo ni waliotengenezea programu sanaa ya manga, yaani katuni za Kijapani. Mchoraji wa manga anayetumia wino huigeuza rula ili ukingo wake ulioinama usiguse karatasi na wino usivuje chini yake, kisha huvuta nibu kwa nguvu na kuilegeza mwishoni, ili mstari wa kasi, ule unaoonyesha mwendo, uanze mnene na kuishia mwembamba kama unywele. Kampuni ya Celsys ya Tokyo ilitoa ComicStudio mwaka 2001, na mrithi wake, Clip Studio Paint, ina rula zinazoibana njia ya kalamu huku zikiuachia mkono mgandamizo wake. Kila nukta ya kalamu huhamishiwa kwenye mstari wa rula, lakini unene hubaki ule uliotokana na mkono.

Faida kubwa zaidi imo katika rula ya perspektivu, yaani ya kuonyesha umbali pichani. Tangu wasanifu majengo Brunelleschi na Alberti, katika Firenze ya karne ya 15, wachoraji wamejua kwamba mistari iliyo sambamba katika ulimwengu, ikienda mbali na mtazamaji, hukutana pichani kwenye nukta moja ya kutowekea. Kwenye karatasi nukta hiyo mara nyingi huangukia nje ya ukurasa, hata mchoraji akalazimika kuipigilia pini mezani na kufunga uzi. Katika programu inaweza kuwekwa mbali kadiri mchoro unavyodai, na mwelekeo wa mwanzo wa kalamu ndio unaoamua mstari ufuate nukta ipi. Krita, programu huria isiyolipiwa, imeongeza kipimo cha nguvu ya mvuto: kikipandishwa mstari hunyooka kabisa, kikishushwa rula huelekeza tu, na ukuta wa nyumba ukabaki na mtetemo wa aliyeuchora.