Mto Ruchugi na Majira Yake

Aliyepata kusoma habari za Buha hukumbuka kwanza mto Malagarasi, uanzao karibu na mpaka wa Burundi, ukapita kati ya Kasulu na Kibondo, ukaingia katika mabwawa makubwa, halafu ukageuka magharibi kwenda Ziwa Tanganyika. Mimi nimeuchagua mto mdogo uingiao humo, nao ni Ruchugi, kwa kuwa hapo twaona wazi jinsi wakulima na wenye kazi nyingine walivyoshirikiana maji kabla ya kuwako sheria iliyoandikwa.

Ruchugi hushuka kutoka nyanda za juu za Kasulu hata Uvinza, na huko zimo chemchemi za maji ya chumvi. Uchimbuzi wa John Sutton na Andrew Roberts, mwaka 1967, ulionyesha kuwa chumvi ilipikwa hapo tangu miaka 1,500 hivi iliyopita. Masika mto ulifurika, ukazifunika chemchemi, kazi ikakoma. Na ndio wakati ambapo Waha walishughulika na mashamba. Kiangazi, maji yakiisha kupungua na nafaka zimo ghalani, watu walishuka kwa wingi, wakajenga vibanda, wakachemsha maji ya chumvi kwa kuni, na watawala wa Uvinza wakatwaa sehemu yao. (Habari za kuni hizo, na misitu iliyoteketea kwa ajili yake, zastahili makala yake peke yake.) Hivyo mto mmoja ulikuwa na zamu mbili, na mgawaji wa zamu alikuwa mvua.

Utaratibu huo haukudumu. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Wajerumani, kampuni ilizishika chemchemi, chumvi ikawa kazi ya kiwanda. Baadaye watu walikusanywa vijijini, hasa katika operesheni ya Kigoma ya mwaka 1972. Tena kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka 1996. Wote hao huhitaji maji kiangazi, na kiangazi ndipo mkulima naye hulima mabondeni.

Sheria ya mwaka 2009 yatanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira; wengine huomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Ni sheria njema. Lakini kwa mto kama Ruchugi, naona swali la kiasi cha maji halina budi kutanguliwa na swali la mwezi: lita zile zile zichukuliwazo Machi bila mtu kujua, Septemba huenda zikawa ndizo maharage ya jirani aliye chini.