Kemia ya Mawingu ya Magellan: Historia ya Kusini

Ninadai kwamba historia ya kupima kemia ya galaksi ndogo ni historia ya Afrika pia. Mwaka 1859, huko Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen walibaini kuwa kila elementi ina mistari yake katika nuru inayopita kwenye mche wa kioo. Mbinu ilipatikana Ulaya, lakini Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu, hayaonekani kutoka huko. Hapa Juba huonekana chini, upande wa kusini. Ilibidi darubini ziletwe Afrika. Ile ya Radcliffe, yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 188, ilianza kazi Pretoria mwaka 1948. Mwaka 1960 Feast, Thackeray na Wesselink, wote kutoka Ulaya, walichapisha utafiti wa nyota angavu za Mawingu hayo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa metali katika Wingu Kubwa ni takriban nusu ya kiwango cha Jua, na katika Wingu Dogo takriban moja ya tano. Anga lilikuwa letu, wasomaji wake wakawa wageni. Kwa hiyo kuifundisha elimu hii kwa Kiswahili si kuazima. Ni kudai fungu letu.