Droni: toka Goma mpaka sayari ya Mars

Vijana wenzetu wa Gihosha, droni si mambo ya sinema tu. Tarehe 3 Desemba 2013, kule kwetu Goma, MONUSCO ilizindua droni zake: hazikuwa na silaha, kazi yao kupiga picha za misitu walimojificha wapiganaji.

Tarehe 19 Aprili 2021, Ingenuity, helikopta ya NASA ya kilo 1.8, iliruka Mars sekunde 39. Walitarajia iruke mara 5, ikaruka 72 hadi Januari 2024. Picha zake zilisaidia kuchagua njia ya roboti Perseverance.

Mars hakuna mtu. Kwetu, chini ya droni kulikuwa na mama zetu. Januari 2025 Goma ikaanguka, watu wakakimbia tena. Basi kuona toka juu haitoshi. Aliyeona afanye kitu.