Kabla ya kuandika programu ya kukamata pesa chafu, tusome historia yake



Wenzetu watatu wa kikundi, wanaosoma kompyuta hapa Bujumbura, wamechagua kazi yao ya mwisho wa masomo. Wanataka kutengeneza programu itakayosoma miamala ya pesa za simu na kuonyesha ile inayonuka. Wanakutana Kigobe kila Jumamosi kupanga. Wameshagawana kazi: mmoja data, mmoja hesabu, mmoja mambo ya skrini. Mimi waliniomba historia ya sura ya kwanza. Nimeisoma, na naona tuisome wote, maana inatuhusu sisi wakimbizi kuliko tunavyofikiri.

Kwa kifupi ni hivi. Tangu mwanzo, mitambo ya kutafuta pesa chafu imejengwa kwa swali moja: mtu wa kawaida anatumiaje pesa? Asiyefanana na huyo mtu wa kawaida anashukiwa. Sasa sisi hatufanani naye. Mwizi mkubwa mwenye kampuni, wakili na mihuri, yeye anafanana naye kabisa.

Pesa husafishwaje?

Mtu ana pesa ya rushwa, ya magendo au ya madawa ya kulevya. Hawezi kununua nyumba nayo leo leo, watu watauliza. Kwanza anaiingiza kwenye mfumo: benki, duka, laini za simu. Pili anaizungusha, akaunti hii kwenda ile, nchi hii kwenda ile, mpaka mkia wake usionekane. Tatu anaitoa ikiwa imeoga: nyumba, malori, hoteli. Sisi husema kusafisha pesa. Watanzania, wenye sheria yao ya mwaka 2006, wanaita utakatishaji wa fedha haramu. Ni jambo lile lile.

Marekani: kizingiti cha dola 10,000

Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria ya kulazimisha benki kutoa taarifa kila mtu anapoweka au kutoa taslimu zaidi ya dola 10,000. Wenye pesa chafu wakajibu haraka. Walituma watu wengi, kila mmoja na kiasi kilicho chini ya kizingiti, benki moja hadi nyingine. Mwaka 1986 sheria mpya ikafanya kusafisha pesa kuwa kosa lenyewe, na kule kugawagawa ili kukwepa taarifa kukawa kosa pia. Mwaka 1989 nchi saba tajiri zilikutana Paris zikaunda kikosi cha kimataifa cha kupambana na pesa chafu, ambacho wengi wanakijua kwa herufi FATF. Ndicho hicho kinachotoa orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu. Oktoba 2022 Congo yetu na Tanzania ziliwekwa humo. Nchi ikiingia kwenye orodha hiyo, benki hubana, na wa kwanza kuulizwa makaratasi ni yule asiye nayo.

Programu zilikuja pale taarifa zilipojaa mpaka watu wakashindwa kuzisoma. Mwaka 1993 idara ya Marekani inayoitwa FinCEN ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uliopitia taarifa za taslimu na kuzipanga kwa kiwango cha kutia shaka. Wenzetu wa Kigobe washike jambo hili: mfumo ule haukuhukumu. Ulipanga foleni tu, kisha mchambuzi, mtu mwenye macho na akili, akaamua kama kuna kitu.

Mwaka 1995 ofisi ya teknolojia ya bunge la Marekani ikachunguza kama kompyuta inaweza kusoma pesa zote zinazotumwa kati ya benki na kuwanasa wahalifu yenyewe. Jibu halikuwa la kufurahisha. Miamala michafu ni michache mno katikati ya misafi, na mifano iliyothibitishwa ya kuifundishia mashine ni haba. Shida hiyo bado ipo hadi leo.

Hebu tupige hesabu ya kubuni. Tuseme miamala ni 100,000, na michafu ni 100. Tuseme programu yetu ni nzuri sana: katika ile 100 inakamata 90, na kwenye misafi inakosea mara moja tu kwa kila 100. Misafi ni 99,900, kwa hiyo inashuku wasio na hatia 999. Jumla ya walioshukiwa ni 1,089, na wenye hatia ni 90 tu. Yaani mmoja kati ya kumi na wawili. Mwanafunzi ataandika kwa furaha kwamba programu yake iko sahihi kwa asilimia 98.99. Mama aliyefungiwa laini yake na hajui aende ofisi gani, atasema nini?

Nairobi: karani aliyeona bila programu

Sasa tuje kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya ilikuwa ikiwalipa nyongeza wanaouza bidhaa nje ili walete fedha za kigeni. Kampuni ya Goldenberg International ilipewa nyongeza ya asilimia 35 kwa kuuza dhahabu na almasi. Shida ni kwamba Kenya ilikuwa na dhahabu kidogo sana, na almasi haikuwa nayo. Makaratasi yalisema mzigo umeondoka. Mihuri ilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Benki Kuu ikalipa mabilioni ya shilingi.

Nani aliona? Karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Makaratasi yalipita mikononi mwake, akaona hayaendi sawa, na kampuni ni ile ile moja kila mara. Mwaka 1993 nakala zikawafikia wabunge wa upinzani na kashfa ikalipuka. Munyakei alikamatwa na akapoteza kazi. Tume ya Jaji Bosire iliundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Mwaka huo huo Munyakei alifariki, maskini.

Hebu jiulize: programu inayotafuta mtu asiye wa kawaida ingeikamata Goldenberg? Kampuni imesajiliwa, akaunti ziko wazi, kila malipo yana fomu. Karani aliikamata kwa swali lingine: je, hicho kitu kinachosemwa kwenye karatasi kipo kweli?

Kigobe na barabara ya dhahabu

Bunge la Burundi hukutana Kigobe, kwenye Jumba la Mikutano. Burundi ina sheria ya kupambana na usafishaji wa pesa ya tarehe 4 Februari 2008. Ndiyo iliyoweka msingi wa kitengo cha taifa cha kupokea taarifa za fedha zinazotiliwa shaka. Kwa hiyo wenzetu hawaanzi porini. Sheria ipo, na inasema nani anatakiwa kutoa taarifa na kwa nani.

Lakini sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tunajua hadithi nyingine. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Congo limeandika mara nyingi, ripoti baada ya ripoti, jinsi dhahabu ya Kivu inavyovuka mpaka kimagendo, ikipitia miji kama Bujumbura na Kampala, kisha inapanda ndege kwenda Dubai. Ikiyeyushwa na kuchanganywa na nyingine, haina tena kijiji ilikotoka. Baadhi ya vita vilivyotufanya tukimbie vimelishwa na dhahabu hiyo. Kwa hiyo tukisema pesa chafu hatuzungumzii mambo ya sinema. Ni pesa iliyotulaza kwenye mahema.

Wasomali walilipa gharama

Tarehe 7 Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Marekani ilifunga Al-Barakaat. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa ya hawala, iliyobeba pesa za Wasomali walio ughaibuni kwenda kwa jamaa zao nyumbani. Wakati huo Somalia haikuwa na benki za kutegemea. Familia nyingi zilibaki bila njia ya kupata pesa ya chakula. Mwaka 2004 wachunguzi wa tume ya mashambulizi yale waliandika kwamba ushahidi wa Al-Barakaat kufadhili ugaidi haukuthibitika.

Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitaka kufunga akaunti za kampuni za kutuma pesa, Dahabshiil ikiwemo, na Dahabshiil ikakimbilia mahakamani. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, nyingi za Wasomali. Zilirudishwa Juni. Miezi miwili inaonekana mifupi kwenye karatasi. Kwa mkimbizi wa Dadaab anayengoja pesa ya dada yake aliyeko Minnesota, miezi miwili ni mirefu sana.

Sisemi hakuna anayetumia hawala vibaya. Wapo. Ila angalia nani alifungiwa mlango na nani hakufungiwa. Ni kama wavu unaonasa ndagala na kumwacha sangala apite.

Basi wenzetu wapange nini?

Tuanze na data. Hakuna kampuni ya simu itakayowapa wanafunzi miamala ya wateja wake, na ni vizuri isiwape. Wanafunzi wengi duniani wanatumia PaySim, data ya kubuni iliyotengenezwa kwa kuiga huduma ya pesa za simu ya nchi moja ya Afrika. Ina miamala 6,362,620, na ya udanganyifu ni 8,213. Ndani yake kuna alama ya kizingiti: anayejaribu kuhamisha zaidi ya 200,000 kwa mara moja anashukiwa. Unajua alama hiyo imekamata mingapi? 16. Ndiyo, kumi na sita. Tena udanganyifu wa humo ni wizi wa akaunti, si usafishaji wa pesa hasa. Inafaa kwa mazoezi, ila haijui maisha yetu.

Maisha yetu yakoje mbele ya mashine? Likelemba: watu kumi wanatuma Jumamosi moja kwa mama mmoja, naye anatoa yote siku hiyo hiyo. Mashine inaona mfereji wa kukusanyia pesa chafu. Simu moja kwa familia tatu: mashine inaona mtu mwenye mapato ya ajabu. Laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani kwa sababu hati ya ukimbizi haikukubaliwa: mashine inaona jina la bandia. Shirika likituma msaada asubuhi, watu mia nne wanatoa kiasi kile kile ndani ya saa moja: mashine inaona genge.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, waandike mifano hiyo minne kwenye data yao ya kubuni, kisha wapime programu inamwonea nani. Idadi ya wasio na hatia walioshukiwa iandikwe ukurasa wa kwanza, juu ya asilimia ya usahihi.

Pili, programu ipange foleni tu, isifunge laini ya mtu. Kwa kila shaka itoe sababu kwa maneno ya kawaida, ili mtu aweze kujibu: hii ni likelemba, huyu ni shangazi yangu.

Tatu, uraia, kabila na hali ya ukimbizi visiwe safu kwenye jedwali la kufundishia mashine. Katika nchi zetu hizi tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini. Data ya marafiki halisi isiguswe, hata wakikubali kwa mdomo.

Nne, na hapa ndipo natamani wakaze: wajaribu swali la Munyakei. Takwimu za biashara kati ya nchi ziko wazi kwenye hifadhi ya Umoja wa Mataifa, bure. Wachukue dhahabu ambayo nchi za Maziwa Makuu zinasema zimeuza Falme za Kiarabu, na ile ambayo Falme za Kiarabu zinasema zimepokea, mwaka kwa mwaka, waziweke bega kwa bega. Tofauti si ushahidi wa wizi peke yake, maana gharama za usafiri na ucheleweshaji huleta tofauti pia. Lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka ni mahali pa kuuliza. Kazi hiyo haihitaji laini ya mama yeyote wa likelemba, wala jina la mtu yeyote.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mnapochagua kampuni ya kutuma msaada kwa simu, muulizeni mapema mashine yake inafanya nini watu wengi wakitoa pesa kwa pamoja, na mtu akifungiwa anakwenda kwa nani. Mambo hubadilika yakidaiwa. Mwaka 2019 Uganda iliruhusu wakimbizi wasajili laini za simu kwa hati zaidi ya kitambulisho kimoja tu, baada ya malalamiko ya muda mrefu.

Jumamosi ijayo wenzetu wanaamua kama kazi yao itabaki kwenye pesa za simu au itahamia kwenye takwimu za dhahabu. Mimi kura yangu mmeshaiona. Mwenye mfano wa tano wa maisha yetu ambao mashine itauona vibaya auandike na kuwapelekea kabla ya siku hiyo, maana bado wanajaza jedwali.