Haki ya hesabu: Uamuzi katika mashindano ya mazoezi ya viungo

MASHINDANO mengi ya mazoezi ya viungo miongoni mwa wanamichezo wa ridhaa huamuliwa kwa hesabu. Mshiriki hupewa zoezi na muda, na anayelirudia mara nyingi zaidi kabla ya muda kwisha ndiye mshindi. Lakini hesabu hiyo huwa bure iwapo hapajakubaliwa ni tendo gani hasa linalostahili kuitwa moja. Kwa sababu hiyo kila zoezi huwekewa kiwango, yaani masharti yanayobainisha mwili uanzie wapi, ufike wapi, na nini kikikosekana rudio lisihesabiwe.

Mfano ulio wazi zaidi ni mashindano ya CrossFit ya nchini Marekani. Yalianza mwaka 2007 katika shamba moja huko Aromas, California, yakiwa na washiriki wachache mno. Mwaka 2011 ilianzishwa awamu ya wazi, ambayo humruhusu mtu yeyote, popote alipo duniani, kulifanya zoezi lililotangazwa na kutuma matokeo yake kwa njia ya mtandao. Kufikia mwaka 2018, waliojisajili katika awamu hiyo walizidi 400,000. Kwa hivyo mshiriki wa Nairobi hulinganishwa na mwenzake wa Cape Town ambaye hajawahi kumwona, na kinachowaunganisha ni imani kwamba wote wawili wamehesabiwa kwa kipimo kimoja.

Chukua zoezi la kurusha mpira mzito ukutani. Mwanamume hutumia mpira wa takriban kilo 9 na kulenga alama iliyo futi 10 kutoka sakafuni. Huanza kwa kuchuchumaa hadi mkunjo wa nyonga ushuke chini ya kilele cha goti, kisha huinuka na kuurusha mpira uguse ukuta kwenye alama au juu yake. Nyonga isiposhuka ipasavyo, rudio halihesabiwi. Mpira ukigonga chini ya alama, halihesabiwi vilevile, hata kama mrushaji amechuchumaa vizuri kiasi gani. Katika kujivuta juu ya chuma, mikono sharti inyooke kabisa chini, na katika aina ngumu ya zoezi hilo kifua hutakiwa kukigusa chuma mahali palipo chini ya mtulinga. Shingo kukikaribia hakutoshi.

Asiyezoea mambo haya huenda akaona ni ushindani wa vijisentimita. Mwaka 2012, na tena mwaka 2013, washiriki wa awamu ya wazi walipewa dakika 12 za kazi iliyoanza kwa mitupo 150 ya mpira huo. Anayepunguza sentimita 10 tu kila anapochuchumaa huwa, mwishoni mwa mitupo hiyo, amejiepusha na mita 15 za kuuinua mwili wake pamoja na mpira. Tena mita hizo ni zile za chini kabisa, ambako mapaja huungua zaidi. Si kwamba kila anayezikata ni mdanganyifu. Uchovu hufupisha mwendo polepole, na mwenyewe hudhani bado anashuka kama alivyoshuka mwanzoni. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kumtazama.

Na hapo pia ndipo penye utata, kwani anayemtazama aghalabu ni rafiki yake. Kanuni za CrossFit huruhusu zoezi kufanywa katika ukumbi wenye leseni mbele ya mwamuzi aliyefuzu kozi ya uamuzi itolewayo mtandaoni, na msimamizi wa ukumbi kuyaidhinisha matokeo. Vinginevyo mshiriki hutuma video isiyokatwa, inayoonyesha uzani uliotumika na mwendo wote. Waliokabidhiwa kuikagua video wanaweza kuyakubali matokeo, kuyapunguza, au kuyafuta kabisa. Hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya matokeo inayoweza kukaguliwa hivyo. Mengine yote husimama juu ya uaminifu wa mtu mmoja mwenye kalamu na karatasi.

Gharama ya ulegevu haimwangukii aliyependelewa. Kati ya mwaka 2021 na 2023, asilimia 10 ya washiriki bora wa kila bara ndio waliopita awamu ya wazi, na mwaka 2022 na 2023 bara zima la Afrika lilitengewa nafasi moja ya wanaume na moja ya wanawake katika fainali. Katika mgao mfinyu namna hiyo, marudio matano ya bandia yaliyosamehewa katika ukumbi mmoja huweza kumtupa nje mtu wa ukumbi mwingine, naye asijue kamwe kilichomwangusha.

Mwamuzi anayeijua kazi yake husimama ubavuni, wala si mbele, kwa kuwa kina cha kuchuchumaa hakionekani kutoka mbele. Huhesabu kwa sauti. Rudio likikosa kiwango, hutamka papo hapo kuwa halihesabiwi, hutaja sababu kwa neno moja au mawili, kisha hurudia idadi ya mwisho iliyo halali. Kunyamaza na kuja kukata mwishoni ni dhuluma ya aina yake, maana mshiriki hunyimwa nafasi ya kujirekebisha. Kubaya zaidi ni kuwa mkali dakika ya kwanza na kuingiwa na huruma dakika ya mwisho, watazamaji wanaposhangilia.

Michezo iliyotangulia ilishapambana na tatizo hili. Katika unyanyuaji uzani wa mitindo mitatu unaosimamiwa na shirikisho la kimataifa la IPF, lililoundwa mwaka 1972, kila jaribio huamuliwa na waamuzi watatu kwa taa nyeupe au nyekundu, na wawili wakikubaliana uamuzi umepita. Anayekataa huonyesha pia kadi ya rangi inayoeleza kosa. Na kanuni zenyewe hurekebishwa zinapochezewa. Baadhi ya wanyanyuaji walikuwa wakiupinda mgongo kupita kiasi juu ya benchi ili chuma kisafiri masafa mafupi, na tangu mwaka 2023 IPF inataka viwiko vishuke angalau hadi usawa wa sehemu ya juu ya bega.

Ukumbi mdogo hauwezi kumpa kila mshiriki waamuzi watatu. Unaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba mkufunzi hamwamui mwanafunzi wake, kubadilishana waamuzi na ukumbi jirani, na kuwaonyesha washiriki wote rudio halali na rudio batili kabla ya saa kuanza. Asiyeweza kukifikia kiwango kwa sababu ya umri, jeraha au uchanga wa mazoezi ana daraja jepesi lililotengwa kwa ajili yake, lenye masharti yake. Alama ya ukutani nayo ipimwe upya kutoka sakafuni asubuhi ya mashindano, hasa pale ambapo sakafu imeongezwa zulia la mpira, kwani unene wa zulia huifupisha futi 10 bila mtu kuigusa alama.