Shing'weng'we na Zau

Katika Usukuma, ngano ya Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we na kulipasua tumbo ili watu waliomezwa watoke, akamkata kwa bahati mbaya bibi kizee sikio, ilisimuliwa muda mrefu kabla ya michezo ya video ambayo mchezaji, akiwa peke yake, humwongoza shujaa ndani ya hadithi. Mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa mchezo wa video Tales of Kenzera: Zau, ambamo Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, arudishiwe baba yake. Mchezo huo, ambao kwa kweli ni wa kuruka na kupigana zaidi, una sauti za Kiswahili. Masala naye anastahili mchezo wake.