Grini kadi, uraia na ploti ya Makongeni

MZALIWA wa Makongeni, Thika, aliyejiandikisha kuwa raia wa Marekani kabla ya Agosti 27, 2010, alipoteza uraia wa Kenya, kwani Katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Hasara hiyo huenda ikajitokeza miaka mingi baadaye, familia inapogawana ploti ya marehemu baba.

Grini kadi haikumvua mtu uraia, ingawa wengi huichanganya na uraia wenyewe. Ni kibali cha ukaazi wa kudumu tu.

Katiba ya 2010 iliondoa marufuku hayo, lakini uraia uliopotea haurudi wenyewe. Kifungu cha 14 humpa aliyekuwa raia kwa kuzaliwa haki ya kuurejesha, mradi atume ombi. Kabla ya hapo yeye ni mgeni, na kwa mujibu wa Kifungu cha 65 mgeni humiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Ajabu ni kwamba mwanawe aliyezaliwa ughaibuni kabla ya Katiba hiyo huhesabiwa Mkenya kwa kuzaliwa, hata kama baba hajatuma ombi lake.